Shahidi wa Mwaka wa Nne: Biashara ya Miche Nyumbani, Chini ya Milima ya Uluguru

(Mhadhara uliotolewa mjini Morogoro mbele ya walimu, maofisa ugani, wanafunzi na vikundi vya wakulima wa bustani.)



Mji huu una wataalamu wengi wa kilimo. Tangu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilipoanzishwa mwaka 1984, na hata kabla yake kilipokuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Morogoro imekuwa shule ya wakulima wa nchi nzima. Kwa hiyo nikiitwa mimi, mwenye kitalu nyuma ya nyumba kule Bigwa, naamini mlitaka kusikia habari za mtu anayeamka na kumwagilia. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka 18, na nitasema yale tu ambayo mikono yangu imeyashika.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba biashara ya miche, kabla haijawa biashara ya udongo na maji, ni biashara ya uaminifu. Nina hoja tano. Nitazitaja moja baada ya nyingine, na mwishoni nitasema tunapaswa kwenda wapi.

Hoja ya kwanza: Mnunuzi wa mche hununua asichokiona

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuza nyanya pale Soko Kuu la Chifu Kingalu anaweza kuitegemea methali hiyo. Mteja anaichukua nyanya, anaibonyeza, anaitazama kikonyo, anajua. Lakini weka miche miwili ya parachichi mezani, mmoja wa Hass na mwingine wa aina isiyojulikana, yote ina majani mabichi, yote imebebeshwa vizuri na kovu lake linaonekana. Nani hapa atanionyesha upi ni upi? Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Ndiyo, mzee, hata mimi siwezi. Mti wenyewe ndio utakaosema, na utasema mwaka wa tatu au wa nne.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Miaka ya mwanzo nilinunua miche 12 ya parachichi kwa muuzaji mmoja, nikaambiwa ni Hass. Niliipeleka Mgeta kwa shangazi yangu, maana kule juu baridi inaifaa. Shangazi aliitunza kama wajukuu. Alichimba mashimo mapana, akatia samadi, kiangazi alikuwa akipandisha maji kwa ndoo kichwani. Mwaka wa nne ikazaa. Parachichi la Hass lina ngozi ya vipelevipele, na likiiva hugeuka jeusi. Yale yalikuwa na shingo ndefu na ngozi laini, yakaiva yakiwa kijani vilevile. Mnunuzi aliyefika na gari kutafuta Hass aliyapima kwa macho, akapanda gari lake akaondoka. Shangazi hakunilaumu. Alikaa juu ya jiwe, akaniuliza swali moja: "Mwanangu, miaka minne hii nitarudishiwa wapi?"

Nilirudi kwa yule muuzaji. Nilikwenda nikiwa na hasira, nikitarajia kukutana na tapeli. Nilimkuta mtu mwenye haya, ambaye kwa kweli hakujua. Alikuwa amepewa vikonyo vya kubebeshea na rafiki, rafiki naye alipewa na mwingine, na hakuna aliyeandika popote. Hapo nikaelewa jambo ninaloomba mlibebe mkiondoka hapa: katika kazi yetu, si lazima udanganye ili usiwe mwaminifu. Kukosa daftari kunatosha.

Parachichi ukiotesha kwa kokwa halirudi kama mama yake. Kokwa la mti mtamu laweza kukupa mti wa matunda ya maji. Ndiyo maana tunabebesha: shina la chini tunaliotesha kwa kokwa la kienyeji lenye nguvu, na likifikia unene wa penseli tunalikata, tunalipasua katikati, tunachomeka kikonyo kilichochongwa kama kabari kutoka kwenye mti uliokwisha kuzaa, tunafunga kwa utepe wa nailoni. Mizizi ni ya mti mmoja, tunda ni la mwingine. Sasa kama hujui kikonyo kimetoka mti gani, umebebesha nini?

Tangu siku ile kila fungu la miche yangu lina mstari wake daftarini: aina, mti mama uko kwa nani, tarehe ya kukata kikonyo, tarehe ya kubebesha, nani aliyebebesha, na miche imeuzwa kwa nani. Na katika mji huu hatuna kisingizio. Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, nao wako hapa. Watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuzifuata ofisi ambazo sisi tunazipita kwa bodaboda kila siku bila kubisha hodi.

Hoja ya pili: Kitalu huishi kwa jicho la mwenyewe

Watu hudhani kitalu cha nyumbani ni kitalu kikubwa kilichokosa mtaji. Mimi naona kinyume. Udogo wake una faida, nayo ni kwamba kinatazamwa. Mwenye nyumba hupita hapo akienda kuanika nguo, akitupa maji ya kuoshea vyombo, akimwita mtoto. Kitalu kinachotazamwa mara kumi kwa siku hakifi ghafla.

Nitawaonyesha kwa mfano mmoja. Umesia nyanya. Siku ya sita zimechomoza, zimejaa kitalu kama zulia, nawe umefurahi. Unamwagilia asubuhi, na kwa mapenzi unamwagilia tena jioni. Siku ya kumi unaona sehemu moja, pana kama sahani, miche imelala. Majani bado mabichi kabisa. Inama. Shika mche mmoja kwa vidole viwili, tazama pale shina linapogusana na udongo: pamesinyaa, pamekuwa pembamba kama uzi, pana rangi ya maji ya chai. Huo ni kinyausi. Kesho sahani itakuwa sinia, na keshokutwa kitalu kitakuwa kimekwisha. Vimelea vyake hukaa udongoni, na kinachoviamsha ni unyevu mwingi, msongamano wa miche na hewa isiyopita. Kwa maneno mengine, mara nyingi kinaletwa na mkono uliotaka mema.

Dawa ya kinyausi huanza kabla ya mbegu. Sia kwa mistari, usimwage mbegu kama unalisha kuku. Tumia udongo ambao haukuotesha nyanya, bilinganya wala pilipili msimu uliopita. Mwagilia asubuhi, ili jioni ikute udongo umekauka juu. Kwa viriba, mimi huchanganya madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza barabara, na moja la mchanga wa mtoni. Nasema iliyooza barabara. Samadi mbichi ina joto, huunguza mizizi michanga, na muuzaji atasema mbegu ilikuwa mbaya. Chukua kiganjani, nusa: ikinuka zizi, ngoja, ikinukia kama ardhi baada ya mvua, tumia.

Tena, udongo huo usiuchote hifadhini. Msitu wa Uluguru umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, na mboji nzuri unaweza kuitengeneza nyumbani kwa majani, maganda ya ndizi na samadi.

Jicho hilo hilo ndilo hujua lini kuondoa kivuli. Mche uliolelewa chini ya makuti muda wote ni mrefu na laini, na mteja huupenda kwa urefu wake. Ukienda shambani unaungua siku tatu za kwanza. Wiki mbili kabla ya kuuza, punguza makuti, punguza maji, uzoee jua. Utaonekana mfupi na mgumu. Mweleze mteja kwa nini, usimpe ule mrefu kwa kuwa ameupenda.

Hoja ya tatu: Mvua haingoji kitalu

Sisi wa upande huu tuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Mteja wa miti hufika mvua inapoanza, na anafika akiwa na haraka. Tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, kila shule na kila ofisi inatafuta miche. Mwenye kitalu anayeanza kujaza viriba mwezi wa pili amekwisha kuchelewa. Mparachichi wa kubebeshwa, ukihesabu tangu kokwa hadi mche kuwa tayari, huchukua karibu mwaka mzima. Na kokwa lenyewe halihifadhiki: likikauka wiki chache limekufa, kwa hiyo hulioteshi unapotaka wewe, bali matunda yanapokuwepo.

Vijana wangu, hapa ndipo wengi huanguka. Wanaanza na miti peke yake, pesa inalala kwenye viriba miezi kumi, nyumbani watu wanataka kula. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya mwenye kitalu ni miche ya muda mfupi. Nyanya huwa tayari kwa kupandikizwa ndani ya wiki tatu hadi nne, kabichi wiki nne, vitunguu wiki sita hadi nane. Kiangazi, kuanzia Juni, wanaolima kwa kumwagilia kandokando ya mito wanahitaji miche hiyo, na watu wa mjini wanataka sukuma wiki za kupanda kwenye ndoo na magunia. Mbogamboga zilipe maji na ada za shule, miti ilipe kiwanja.

Na mche ambao haukuuzwa? Hilo ni swali la uaminifu tena. Mche uliokaa mno kiribani mizizi yake huzunguka chini kama kamba iliyoviringwa. Kwa juu unapendeza. Ukipandwa hivyo, mizizi huendelea kuzunguka, na mti huja kuangushwa na upepo. Mwisho wa masika mimi hutoboa viriba kadhaa na kutazama. Iliyojiviringa naipunguza mizizi na kuihamishia kiriba kikubwa, au naitupa kwenye shimo la mboji. Inauma. Lakini mti ulioanguka shambani kwa mtu unauma zaidi, na unaitwa kwa jina langu.

Hoja ya nne: Hesabu ya kweli inahesabu waliokufa

Tuchukue mfano rahisi, wenye vitabu vya kuandikia waandike. Tuseme umejaza viriba 500, na kwa udongo, samadi, mbegu, viriba, maji na kibarua umetumia shilingi 150,000. Wengi watagawanya na kusema kila mche umenigharimu shilingi 300. Si kweli. Hiyo ni bei ya miche ambayo hakuna hata mmoja uliokufa, na kitalu cha namna hiyo sijakiona. Ikifika sokoni miche 350, kila mmoja umekugharimu karibu shilingi 430. Ukiuuza kwa 400 kwa kuwa jirani anauza 400, unampa mteja pesa zako mwenyewe na kumwambia asante.

Na katika ile 150,000 umeihesabu kazi yako? Kina mama wenzangu, nawauliza ninyi hasa. Maji ya asubuhi, palizi ya viriba, kuamka usiku kufukuza mbuzi. Kwa kuwa kazi imefanyika nyumbani, tunaiita shughuli ya nyumbani na hatuiandiki. Iandikwe. Siku tutakapokwenda kwenye kikundi chetu cha VICOBA, au halmashauri kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, tutaulizwa biashara inaingiza nini na inatoa nini. Daftari lile lile linalotaja mti mama ndilo litakalojibu.

Ukishajua gharama yako, utaona kwamba njia ya faida si kupandisha bei tu, bali kupunguza vifo. Kutoka miche 350 hadi 430 hai kwa gharama ile ile, mche mmoja unashuka hadi shilingi 350 hivi. Faida hiyo imetoka kwenye jicho.

Hoja ya tano: Mlima huu hupandwa kwa hiari

Tazameni dirishani. Ule ni Lupanga, mita 2,138, na mawingu yamekaa kwenye bega lake kama kawaida. Maji ya milima hii hushuka kupitia Mto Ruvu hadi Dar es Salaam. Mamilioni ya watu hunywa kutoka kwenye mlima ambao hawajawahi kuupanda.

Serikali ya kikoloni nayo iliona udongo unavyoporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaleta mpango wa kulazimisha matuta ya ngazi Uluguru. Watu walichimba kwa amri. Pengi udongo wa juu ulikuwa mwembamba, matuta yakafukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 hasira ilipasuka kule Matombo, na mpango ukaachwa. Funzo langu si kwamba matuta ni mabaya. Mteremko hautunzwi na mtu asiyeona faida yake.

Kinyume chake tumekiona kwa jirani. Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, wanawake vijijini waliotesha miche na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopandwa na ukashika. Tafadhali lisikilizeni neno hilo: ukashika. Malipo yalifuata uhai wa mche, si idadi ya miche iliyogawiwa. Nasi tunaoambiwa kila mwaka idadi ya miti iliyopandwa, tuulize pia mingapi ipo hai masika ya pili.

Muuza miche wa Uluguru ana swali jingine la kuuliza kabla ya kupokea pesa: "Unaenda kupanda kwenye ardhi ya nani?" Wenyeji mnanielewa. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa upande wa mama, na mti wa kudumu ni kama alama ya mwenye ardhi. Aliyeazimwa kiwanja, au mwanamume aliyehamia kwa wakwe, akipanda mvule au mkangazi anaweza kuzua ugomvi. Mtu huyo usimuuzie mti wa miaka 40. Muuzie mapapai na pasheni, avune na kurudisha ardhi kwa amani. Mwenye ardhi ya ukoo wake, huyo mwonyeshe mkarafuu, mdalasini, mkangazi. Mche sahihi kwa mtu asiye sahihi utang'olewa.

Na miche si miti tu; tusidharau maua. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma Ulaya ua dogo la zambarau la milima ya Usambara. Likapewa jina Saintpaulia, na leo linauzwa katika vyungu kwenye madirisha ya dunia nzima. Jamaa zake wanaota hapa Uluguru, kwenye miamba yenye kivuli. Sisemi mwende mkayang'oe. Hifadhi ni hifadhi. Ninachosema ni kwamba milima ya aina hii imekwisha kuzaa biashara ya vyungu ya dunia nzima, nasi tunapamba sebule zetu kwa maua ya plastiki.

Tunakokwenda

Ndugu zangu, nafunga kwa mapendekezo matatu.

La kwanza, kila kata iwe na orodha ya miti mama: mwembe wa nani, mparachichi wa nani, mchungwa wa nani, umezaa miaka mingapi, nani anaruhusu kukata vikonyo. Wazee wanaoijua miti hiyo wapo leo. Maofisa ugani na wanafunzi wa SUA wanaweza kuianza kazi hiyo likizo ijayo kwa kalamu na daftari tu.

La pili, vikundi vyetu vikubaliane juu ya kibandiko kimoja cha mche chenye mambo matatu: aina, mti mama na namba ya mwenye kitalu. Mche usio na kibandiko usiuzwe kwa jina la kikundi. Tuanze kwenye Maonesho ya Nane Nane, ambapo watu wa Pwani, Tanga na Dar es Salaam huja hapa Morogoro kununua. Na sasa treni ya umeme, iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imewasogeza wateja. Wakija mara moja na kudanganyika, itawarudisha haraka vilevile.

La tatu, shule zilizo na maji ziwe na kitalu, na mtoto apewe mche wa kuutunza mpaka amalize shule, sio wa kupigia picha.

Mtanidai mwisho wa habari ya shangazi. Ile miparachichi 12 haikung'olewa. Tuliikata juu ya magoti, tukaacha machipukizi yatoke, tukayabebesha upya kwa vikonyo vya mti ninaoujua, niliokula matunda yake mwenyewe, na ambao mwenye nao aliandika jina lake katika daftari langu. Mashina yalikuwa na mizizi ya miaka minne, kwa hiyo hayakutuchelewesha. Mwaka wa tatu matunda yakakomaa mtini yakiwa makubwa, na siku chache baada ya kuchumwa yakageuka meusi. Shangazi aliniletea moja hapa mjini, akaliweka mkononi mwangu bila neno. Nililipeleka kwenye daftari, ukurasa wa 41, nikaandika mbele ya mstari wa mti mama ule: *limethibitika*.

Naomba kila mwenye kitalu aliye humu ndani, akifika nyumbani leo, kabla ya kumwagilia, aanze ukurasa wake wa kwanza. Masika yanakuja, na mti unaopandwa mwaka huu utatoa ushahidi wake.